Maziwa hayaondoi mionzi, na picha moja haitoshi

Jumanne iliyopita mama mmoja aliingia chumba cha eksirei na mwanawe wa miaka 9. Mtoto alikuwa ameanguka kutoka mwembeni, kifundo cha mkono wa kulia kimevimba, ameushikilia kwa mkono wa kushoto kama mtu aliyebeba yai. Mama naye ana pakiti ya maziwa. "Daktari, naomba umpige moja tu, mionzi isimzidi. Akitoka nampa maziwa yaitoe."

Mimi ni mpiga picha za eksirei, nayasikia haya kila wiki na sasa nimechoka. Wapo hata wenzangu wanaokunywa maziwa baada ya zamu wakiamini yanasafisha. Yatasafisha nini, wakati hakuna kilichobaki? Ukizima taa, mwanga haubaki umejificha kwenye pembe za chumba. Eksirei ni hivyohivyo. Mwale unapita kwa sehemu ndogo ya sekunde na kwisha. Mtoto anywe maziwa kwa sababu ana njaa.

Kinachoniumiza zaidi ni hiyo "moja tu". Kifundo cha mkono kinapigwa angalau pande mbili, kwa juu na kwa ubavu, maana mfupa uliosogea kuelekea nyuma unaweza kuonekana kama umenyooka ukiutazama kwa juu. Picha ya kwanza ya yule kijana ilionyesha ufa mwembamba kwenye rediasi, mfupa wa kigasha upande wa kidole gumba, mama akapumua. Ya ubavu ikaonyesha kipande kimelala nyuma. Tungeishia kwenye ile ya kwanza, angefungwa P.O.P, yaani plasta ngumu, mfupa ukiwa umepinda, kisha arudi baada ya wiki kadhaa kupigwa picha nyingi kuliko zile tulizoogopa.

Na dozi yenyewe? Picha ya kifundo ni takriban 0.001 mSv (milisivati, kipimo cha dozi ya mionzi), mara nyingi pungufu. Udongo, hewa na anga vinatupa wastani wa 2.4 mSv kwa mwaka, kila mmoja wetu. Ukigawanya, picha ile ni sawa na saa nne hivi za kuishi duniani. Halafu wananiuliza, mbona wewe unajificha nyuma ya ukuta? Kwa sababu mimi nabonyeza kitufe siku nzima, mwaka hadi mwaka, na nyingi ya picha hizo ni za migongo na nyonga.

Hata hivyo ndogo si ruhusa ya kumwaga ovyo, hasa kwa mtoto. Dozi inapunguzwa kabla ya kitufe kubonyezwa. Mgonjwa akae ubavu wa meza, miguu ikiwa nje. Wengi tunawaacha wakae kama wanaokula ugali, mapaja yakiwa chini ya meza, njia ileile ya mwale ukishapita mkono.

Kisha kolimeta, kifaa cha kubana upana wa mwale, na hapa nawasema wenzangu. Kaseti, bamba linalopokea picha, ya sentimita 24 kwa 30 ina sentimita za mraba 720. Kifundo cha kijana yule, kuanzia katikati ya kiganja hadi sehemu ya chini ya kigasha, kilienea kwenye 10 kwa 15, yaani 150. Ukiacha mwanga umefunguka kaseti nzima, umepiga eneo karibu mara 5 ya linalohitajika, na mionzi inayotawanyika inarudi kuififisha picha yako mwenyewe. Kwenye filamu uzembe huo ulionekana na kila mtu. Siku hizi mtu anafungua kolimeta yote, anapiga, kisha anaikata picha kwenye kompyuta hadi inapendeza, kingo nyeusi zimenyooka. Niliwahi kufungua picha ghafi ya namna hiyo, nikakuta vidole vya mama aliyemshika mtoto, na pete yake. Kwenye picha iliyotumwa kwa daktari havikuwepo. Kompyuta inakata picha. Mionzi mtoto ameshaipokea, na mama naye.

Dijitali ina mtego mwingine. Filamu ukiizidishia ilitoka nyeusi, unaaibika. Sasa mashine inajirekebishia mng'ao, na ukizidisha mAs, kiasi cha mionzi unachopanga kwenye mashine, picha inazidi kuwa laini. Ukipunguza mno inakuwa na chengachenga na daktari analalamika. Basi kila mtu anaongeza kidogo, mwaka unaisha, "kidogo" imekuwa kawaida ya idara. Tazama namba ya kipimo cha mwale, ile inayoonyesha mionzi iliyofika kwenye kaseti, kila picha. Gridi, wavu wa kuchuja mionzi inayotawanyika, kwenye kifundo haihitajiki.

Aproni ya madini ya risasi, ya kuzuia mionzi: NCRP, baraza la Marekani la kinga dhidi ya mionzi, ilitangaza 2021 kwamba kuziba viungo vya uzazi kusiwe tena utaratibu wa kawaida kwenye picha za tumbo na nyonga. Kwenye kifundo, kolimeta iliyobanwa na namna ya kukaa vinafanya karibu kazi yote. Bado aproni nampa anayeiomba. Sina hakika kama nafanya sawa, maana naendeleza imani ninayopambana nayo. Ila mwenye hofu hutikisika, na akitikisika narudia picha.

Ninapoyumba zaidi ni kwenye skafoidi, mfupa mdogo wa kifundo upande wa kidole gumba. Mtu ana maumivu kwenye kishimo kilicho chini ya kidole gumba, picha zote safi. Ufa unaweza usionekane hadi siku 10 hadi 14 zipite, kwa hiyo anafungwa na kuitwa tena. Wengine wanarudi, tunapiga upya, hakuna kitu. Wamepigwa mara mbili na kukosa vibarua wiki mbili. MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, ingemaliza swali mapema, lakini wangapi wanaweza kuilipia? Nikimwambia mgonjwa ilikuwa lazima, nasema kweli, lakini uso wake naubeba hadi nyumbani.

Kijana wa mwembeni alinyooshwa mfupa alasiri ileile, nikampiga mbili za kuhakiki. Safari hii mama hakusema moja. Alisimama pembeni nilipomwonyesha, aproni kifuani, akahesabu kwa sauti: "Ya juu. Ya ubavu."