“Wafuasi” waliolazimishwa kulinda koloni

Mtu akishuka basi Kariakoo, Dar es Salaam, au akipita soko la Kariokor kule Nairobi, anakanyaga ilipokuwa kambi ya wapagazi. Jina hilo ni matamshi yetu ya “Carrier Corps”, kikosi cha wabeba mizigo cha Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Wengi wanalijua hilo. Ila sheria iliyowapeleka watu huko haisimuliwi sana.

Agosti 1914 Wajerumani waliiteka Taveta, mji wa mpakani katika eneo la Waingereza ambalo leo ni Kenya, kisha wakawa wanatuma vikundi kuvunja reli ya Uganda. Walowezi wa Nairobi walishtuka. Septemba 1915 walifanya mkutano mkubwa ambapo mwenzao Ewart Grogan alidai utumishi wa lazima. Mwaka huohuo wanaume wa Kizungu wakaandikishwa kwa sheria. Kwa Waafrika ikatungwa sheria nyingine, nayo ndiyo inayonisumbua kila ninapoirudia: haikuwaita askari, iliwaita “wafuasi” wa jeshi.

Msidhani neno hilo ni dogo. Askari wa KAR (King’s African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza) alikuwa na mshahara unaoeleweka. Mfuasi alipangiwa takriban rupia 5 kwa mwezi, ilhali mwanzoni mwa vita wapagazi walikuwa wakipata 10 na zaidi. Afisa wa wilaya alimwambia chifu idadi ya watu wanaotakiwa, chifu akatuma watu wake, na vijana wakalala porini kuwakwepa. Aliyekamatwa alipewa namba na mzigo wa kilo 25 hivi. Bunduki hakupewa.

Mwaka 1917 Jenerali Hoskins, mkuu wa majeshi ya Waingereza Afrika Mashariki, aliomba wapagazi 160,000, na John Ainsworth, afisa wa serikali ya kikoloni, akapewa kazi ya kuwatafuta. Hapo ndipo msako ulipofika karibu kila wilaya.

Katika upagazi ndiko kulikokuwa na mauti, na aghalabu risasi haikuhusika. Chukueni posho. Mtu aliyezoea ndizi, viazi au ulezi anapimiwa unga wa mahindi, anafika kambini jioni amechoka, mvua inanyesha, kuni mbichi. Anakoroga, anakula ungali nusu mbichi. Siku chache baadaye ni kuhara damu. Oscar Watkins, mkuu wa kikosi chenyewe, alilalamikia namna watu hao walivyotunzwa. Hata kwa hesabu rasmi, wapagazi waliokufa walizidi 40,000.

Na huko “kulinda koloni” kuliishia wapi? Kwenye matope ya Rufiji, kisha ng’ambo ya Ruvuma, Msumbiji. Mtu wa Machakos au Kisumu hakuwa na nyumba ya kulinda kule.

Vita vilipokwisha, mazoea ya kumwandikisha mtu hayakwisha. Sheria ya kipande, iliyopitishwa 1915 hiyohiyo, ilianza kutekelezwa baada ya vita: cheti chenye alama za vidole, ndani ya kibweta cha chuma, shingoni kama kengele ya mbuzi. Kenya ikafanywa koloni rasmi 1920.

Mishahara ya wengi waliokufa haikufika kwa jamaa zao, kwani madaftari hayakuonyesha vizuri nani ni wa nani. Nairobi, katika barabara ya Kenyatta, ipo sanamu ya mpagazi amesimama pamoja na askari, na maandishi chini yake yanamwambia apiganiaye nchi yake kwamba wanawe watalikumbuka jina lake. Majina yenyewe hayakuandikwa.