Je, wajua? Namba ya ndege ya vita ya zamani haisemi unachodhani

Chukua namba mbili: B6313 na F6314. Zote ni za Sopwith Camel, ndege ya kivita ya Uingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Akizikuta kwenye picha za zamani, mtu anaweza kuapa kwamba ndege hizi zilitoka kiwandani zikifuatana. Wapi! Ya kwanza iliundwa na Sopwith wenyewe mwaka 1917; ya pili na Boulton & Paul, Norwich, mwaka 1918.

Dhana hiyo ina ndugu zake. Wapo wanaosema herufi ya mbele hutaja aina ya ndege, kwa hiyo B ni ya kudondosha mabomu. Wengine hudai kwamba namba ni ya kikosi, au kwamba ndege 6,312 zilitangulia kuundwa. Yote si kweli. Kikosi kilikuwa na alama zake, kama mistari au maumbo meupe ubavuni, na ndege ikihamishwa alama zilifutwa. Namba ilibaki.

Ugawaji wa namba ulianza mwaka 1912, kuanzia 1. Zilipofika 10000, mwaka 1916, ikafuata A1, kisha B1 na kuendelea, huku G na I zikirukwa. Ni kama namba za magari katika nchi nyingi: tarakimu zikiisha, herufi inasogea, na herufi hiyo haisemi kama gari ni lori au teksi. Tofauti ni kwamba gari husajiliwa likiwa tayari, ilhali hapa kiwanda kilipewa fungu zima pamoja na oda, hata kabla ya ubao wa kwanza kukatwa. B6201 hadi B6450 ni oda moja ya Camel 250 za Sopwith. Kwa hiyo picha ikionyesha B631 tu na tarakimu ya mwisho imefutika, aina na kiwanda umeshavipata. (Rubani wa B6313, William Barker, aliangusha nayo ndege na maputo ya adui, jumla 46. Ilipovunjwa Oktoba 1918 alijiwekea saa ya ndege hiyo kama kumbukumbu. Kesho yake akaambiwa airudishe.)

Wajerumani walirahisisha mambo kidogo: katika ndege ya Fokker Dr.I 425/17, ambayo rubani wao mashuhuri Manfred von Richthofen alifia ndani yake, 17 ni mwaka wa oda.

Kusoma namba yenyewe ndiyo kazi. Sahani nyingi za picha za wakati huo (vioo vilivyotumika kama filamu) hazikuhisi rangi nyekundu, hivyo nyekundu hutoka karibu nyeusi na buluu hufifia. Namba nyeusi iliyopita juu ya mstari mwekundu wa usukani wa mkia, uliopakwa mistari ya buluu, nyeupe na nyekundu, ingepotea kabisa kama isingezungushiwa ukingo mweupe. Tena, usukani ungeweza kutolewa kwenye ndege nyingine, na ndege zilizofufuliwa kutokana na mabaki zilipewa namba mpya, kwa hiyo namba moja si lazima iwe historia nzima ya mbao zake.

Halafu kuna picha zilizochapwa kinyume. Namba 801 ikigeuzwa husomeka 108 bila kasoro yoyote, na mistari ya usukani haisaidii, maana buluu hutangulia pande zote mbili. Hapo mtazame rubani aliyesimama kando: beji ya mabawa ilishonwa kifuani kushoto. Ukiiona kulia kwake, geuza picha kwanza.