Kabla ya Kujenga Kituo cha Mikoko

Vikundi vya uhifadhi katika pwani ya Kenya vinapotaka kituo cha elimu ya mazingira, mara nyingi huanza na ramani ya jengo: ukumbi, ofisi, chumba cha maonyesho. Nia ni njema, na sisi tunaopokea bajeti za vituo hivi tunaiunga mkono. Lakini swali tunalouliza kwanza ni hili: watoto wa shule ya jirani mnawafundisha nini leo, na anayewafundisha ni nani?

Mikoko haifundishiki vizuri ukutani. Mpe mtoto jani la mchu, mmojawapo wa miti ya mikoko, alilambe. Ataonja chumvi, kwa sababu mchu hunywa maji ya bahari na kuitoa chumvi kupitia majani yake. Mwonyeshe mizizi iliyosimama matopeni kama penseli zilizochomekwa. Mti unavutia hewa humo, maana tope lenyewe halina hewa ya kutosha. Kisha mpeleke kwenye mkoko wenye mbegu, yaani ile aina moja ya mti iitwayo mkoko, si mikoko yote. Mbegu ya mkoko huota ikiwa bado mtini, chipukizi likaning'inia hadi likomae. Likidondoka wakati maji yamekupwa, huweza kujichoma papo hapo na kushika mizizi. Likikuta maji yamejaa, huelea likaenda kutafuta makao kwingine. Mtoto aliyeyaona haya kwa macho yake huanza kuuliza mwenyewe, na hapo ndipo somo linapoanza hasa.

Swali moja tunapenda sana lifikiwe: mbona miti hii haikuchanganyikana ovyo? Mlilana hupenda upande wa bahari, mkoko hufuata, mkandaa hukaa nyuma zaidi, na mchu hustahimili hata sehemu za juu ambako maji hufika kwa nadra na chumvi ni kali. Kila mti una kiwango chake cha maji. Jambo hili si la darasani tu. Kampeni nyingi za kupanda mikoko, hapa na kwingineko duniani, zimepoteza miche kwa maelfu kwa sababu chipukizi za mkoko, ambazo ni rahisi kuokota, zilipandwa kwenye matope ya wazi ambayo hayakuwahi kuwa na msitu. Picha zilipigwa, pongezi zikatolewa, miche ikafa maji. Kikundi kinachoijua mipaka ya kila mti hupanda michache ikaishi. Pengine hakipandi kabisa: huufungua mkondo uliozibwa, mbegu zikajileta zenyewe.

Ujuzi huu tayari umo vijijini. Wakata boriti wanaitofautisha miti kwa kuitazama gome, wavuvi wanajua kaa wanachimba wapi. Hao ndio walimu wa kituo, na walipwe kama walimu. Kule Gazi, Kwale, kina mama wamejenga daraja la mbao katikati ya mikoko na kuwatembeza wageni. Hapo hapo Gazi na jirani yake Makongeni kuna mradi wa Mikoko Pamoja, ambao tangu miaka ya 2010 umekuwa ukiuza hewa ya kaboni, yaani kulipwa kwa kaboni ambayo msitu unaihifadhi, na mapato yakaingia kwenye maji na shule za wenyeji. Mwanafunzi anayenywa maji ya bomba lililolipiwa na msitu hahitaji hotuba ndefu kuhusu thamani yake.

Ratiba nayo ifuate bahari. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya bamvua hukupwa sana katikati ya asubuhi, saa ambayo watoto wako shuleni. Walimu wakuu wakipewa kalenda ya maji mwanzoni mwa muhula, ziara hupangika bila purukushani.

Jengo likifika zamu yake, kuna sheria. Misitu ya mikoko ya Kenya ni hifadhi ya serikali tangu 1932, na iko chini ya Shirika la Huduma za Misitu, KFS. Sheria ya misitu ya 2016 inawaruhusu wenyeji kushiriki kupitia chama cha misitu cha jamii chenye makubaliano na KFS. Msianze kuchimba msingi kabla ya hayo, wala kabla ya NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, kushughulikia tathmini ya athari kwa mazingira. Jengeni nyuma ya mstari ambao maji ya bamvua kubwa hufika yakijaa, na choo kiwe mbali na mkondo, kwani kinyesi hupenya mchangani hadi baharini. Mbao za daraja zisikatwe kwenye msitu uleule mnaotaka kuulinda.

Halafu kuna matengenezo, ambayo wafadhili wengi hawayagusi. Mbao huliwa na chumvi na wadudu wa baharini, na ubao mmoja uliooza unatosha kumvunja mtoto mguu. Katika bajeti mtakayotuletea, andikeni mbao za kubadilisha na mshahara wa fundi wa kuzikagua kabla ya gharama ya ukumbi.