Grafu ya mstari mnyoofu: yanayoaminika na yaliyo kweli

Nina daftari la mwanafunzi hapa mezani. Kapewa y = 2x + 3, katengeneza jedwali, kapata (0, 3), (1, 5) na (2, 6), kisha kaziunganisha nukta kwa mkono bila rula. Mstari umepinda katikati, naye kaenda zake swali la pili. Kosa la kujumlisha ni dogo. Linaloniuma ni kwamba ule mpindo haukumshtua.

Dhana: Grafu ni nukta za kwenye jedwali zilizounganishwa.

Ukweli: mstari ni majibu yote ya mlinganyo, na kila jibu ni nukta. Weka x = 0.5, unapata y = 4; nukta (0.5, 4) imo mstarini ingawa jedwalini haimo. Weka −10, y ni −17. Nayo imo, hata kama karatasi yako haifiki huko. Ndiyo maana tunapiga mstari kwa rula na kuuvusha nukta za mwisho, huku na huku. Nukta mbili zinatosha kuupata, ya tatu ni ya kukagua: ikigoma kukaa kwenye rula, rudi kwenye hesabu. Mara mbili ya 2 ni 4, ongeza 3, ni 7. Nukta ilikuwa (2, 7).

Dhana: x = 4 ni mstari uliolala, kwa sababu mhimili wa x umelala.

Umesimama wima. Mlinganyo unadai x iwe 4 tu, y iwe yoyote ile: (4, 0), (4, 1), (4, −6). Ziweke kwenye karatasi uone. Wala mteremko wake, yaani badiliko la y ukiligawanya kwa badiliko la x, si sifuri. Hauna mteremko, maana ungelazimika kugawanya kwa sifuri. Wenye mteremko sifuri ni y = 4.

Dhana: Mteremko wa 3x + 2y = 12 ni 3.

Namba iliyo mbele ya x ni mteremko pale tu y inapobaki peke yake. Hapa y = 6 − 1.5x, kwa hiyo mteremko ni −1.5 na mstari unashuka kuelekea kulia.

Dhana: Mstari uliosimama zaidi ndio wenye mteremko mkubwa.

Hutegemea skeli. Wawili wachore y = 2x: mmoja ahesabu sentimita 1 kuwa 1 kwenye mihimili yote, mwenzake ahesabu sentimita 1 ya wima kuwa 10. Wa pili utaonekana karibu umelala, na mteremko ni uleule 2. Usome kwa namba za mihimili.

Dhana: x ikiongezeka mara mbili, y nayo huongezeka mara mbili.

Hii huwanasa hata watu wazima. Nyuzi za Selsiasi hugeuzwa kuwa za Farenhaiti kwa F = 1.8C + 32. Nyuzi 20 za Selsiasi ni 68 za Farenhaiti, lakini 40 ni 104, si 136. Mstari haupiti (0, 0). Unakata mhimili wa wima kwenye 32. Kisichobadilika ni hatua: kila Selsiasi 1 inapopanda, Farenhaiti hupanda 1.8. Uchore, kisha uurefushe upande wa hasi. Utafika (−40, −40), nukta pekee ambapo vipimo vyote viwili husoma namba moja.