Moshi Mweusi Si Nguvu: Tunayoyakosea Kuhusu Treni ya Mvuke na Kilima cha Mazeras

Ukikaa Mwembe Tayari jioni, kikombe cha kahawa chungu mkononi na kashata pembeni, hutakosa mzee wa kukupa habari za reli. Stesheni ya zamani iko hapo karibu. Tangu 2017 abiria wa Nairobi huanzia safari Miritini, lakini hadithi hazikuhamia nao. Nyingine ni kweli tupu, na nyingine zimetiwa chumvi gunia zima la Gongoni.

Mjomba wangu alikuwa fayamani, yule mtu wa motoni anayekaa upande wa pili wa dereva. Alipokwisha kustaafu, na vichwa vya treni za mvuke navyo vimestaafu, ilitokea safari moja ya matembezi: treni ya mvuke, asubuhi kutoka mjini hadi Mariakani, kurudi jioni. Akanichukua. Sikumbuki mandhari sana, maana siku nzima niliishia kumsikiliza akiwasahihisha abiria wenzetu, nusu yao bila kuombwa.

Wa kwanza alikuwa jamaa aliyetwambia tulale kidogo, kwani Pwani ni tambarare na milima iko bara. Stesheni ya Mombasa iko mita chache tu juu ya bahari. Ukishavuka Makupa ukaingia Changamwe, reli inaanza kupanda, na ukifika Mazeras umeshapita mita 150. Hapo hata chapati uliyofungiwa nyumbani hujaimaliza. Voi ni kama mita 560, Nairobi zaidi ya 1,600, na njia inayoendelea kuelekea Uganda inapita mita 2,700 huko Timboroa. Kwa hiyo treni inayotoka Mombasa haina muda wa kupasha misuli moto. Inaanza na kilima mlangoni pa nyumba, injini ikiwa haijakolea joto vizuri.

Lakini kilima chenyewe si ukuta. Vichwa vikubwa vya njia hii vilitengenezwa kwa kupanda mwinuko wa asilimia 1.5, yaani mita moja na nusu kwa kila mita 100. Ukitembea kwa miguu huenda usijue kama unapanda. Muulize mwenye mkokoteni wa Kongowea, atakwambia anajua.

Sasa hapa ndipo penye kosa kubwa kuliko yote, na mjomba alilishughulikia kwa moyo. Watu hudhani treni ikishindwa kilima ni kwa kukosa nguvu. "Nguvu ilikuwapo, tena ya kumwaga," alisema. "Miguu ndiyo iliyokosa pa kukanyaga." Gurudumu ni chuma na reli ni chuma, na vyote viwili ni vigumu na laini. Ugumu na ulaini huo ndio unaoiwezesha treni kuburuta mzigo mkubwa kwenye tambarare kwa mafuta machache, na ulaini huo huo ndio unaoisaliti mlimani. Dereva akifungulia mvuke kwa pupa, magurudumu yanazunguka pale pale kama ya matatu iliyokwama topeni, na treni haisogei. Dawa yake ni mchanga mkavu: kila kichwa kina masanduku yake, na mabomba membamba yanayoupulizia mchanga mbele ya magurudumu. Wala usiogope mvua kubwa, hiyo huosha reli. Wabaya ni umande na manyunyu, yanayogeuza vumbi na grisi kuwa utelezi. Asubuhi za Changamwe, hewa ya bahari ikiwa bado imelalia reli, mchanga ulikuwa na kazi kuliko moto.

Pia si kweli kwamba Garratt, vile vichwa vikubwa vya mvuke vya njia hii, zilikuwa treni mbili zilizounganishwa zikiwa na madereva wawili. Kosa hili nalisamehe, kwa sababu ukiitazama inaonekana hivyo. Garratt ina seti mbili za magurudumu na pistoni, moja mbele na moja nyuma, lakini boila, tangi la kuchemshia maji, ni moja katikati, chumba ni kimoja, dereva mmoja na fayamani mmoja. Ni ubunifu wa mhandisi Mwingereza Herbert Garratt, wa mwanzoni mwa karne ya 20, na faida yake ni mbili. Kwanza, uzito unagawanywa juu ya magurudumu mengi yanayosukuma, kwa hiyo reli haionewi na mshiko unaongezeka. Pili, boila haikukaliwa na magurudumu chini yake, kwa hiyo inaweza kunenepa itakavyo.

Na zilinenepa kwelikweli. Zile za aina iliyoitwa daraja la 59, zilizotengenezwa na Beyer, Peacock wa Manchester mwaka 1955 na 1956, zilikuwa 34. Kila moja ilikuwa na tani 252, urefu wa zaidi ya mita 30, magurudumu 16 ya kusukuma, na boila ya kipenyo cha zaidi ya mita mbili. Haya, kumbuka reli zenyewe zimeachana mita moja tu! Watu wa siku hizi wakiiona reli ya zamani kando ya reli mpya ya SGR huicheka, wakidhani ilikuwa ya kubebea magunia ya nazi. Kwenye reli hiyo nyembamba Garratt moja ilitoka Mombasa ikivuta tani 1,200 kupanda Nairobi. Havikuwahi kuwapo vichwa vya mvuke vyenye nguvu zaidi ya hivyo kwenye reli ya mita moja, popote duniani. Vilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, na viwili vilivyosalia, Mount Gelai na Mount Shengena, viko kwenye jumba la makumbusho ya reli Nairobi. Majina yote mawili ni ya milima ya Tanzania, jambo ambalo mjomba alilitaja kila alipopata Mtanzania wa kumtania.

Zilikuwa na kasoro yake pia. Maji na mafuta yalikaa juu ya yale magurudumu ya kusukuma, kwa hiyo kadiri yalivyotumika kichwa kilipungua uzito, na mshiko ukapungua nao. Umeme na dizeli hawana shida hiyo kwa kiasi kile.

Kichwa kilichotuvuta siku ile kilikuwa kidogo zaidi, si Garratt. Hilo halikumzuia mama mmoja mbele yetu kuwaambia wanawe kwamba kule mbele kuna mtu anatia makaa kwa koleo. Dhana hii iko kila mahali, na chanzo chake ni picha za Ulaya. Huku kwetu makaa ya mawe yaliletwa kwa meli kutoka nje, na kuni zilichomwa sana, mpaka reli ikapandiwa mashamba ya mikaratusi huko nyanda za juu. Kufikia miaka ya 1950 vichwa vikubwa vya njia kuu vilikuwa vikichoma mafuta mazito. Mazito hasa, yale yasiyotiririka mpaka yapashwe moto. Garratt za 59 zilikuwa za mafuta tangu siku ya kwanza. Koleo la mjomba lilikuwa vali, na macho yake yalikuwa kwenye bomba la moshi.

Bombani, kwa sababu ya moshi. Treni ilipotoa wingu jeusi kule Miritini, behewa zima likashangilia: "Sasa imeamua!" Mjomba akatikisa kichwa kama mtu aliyeona wali umeungua. Moshi mweusi ni mafuta ambayo hayakuungua sawasawa, ni pesa inayopaa. Fayamani mzuri hutafuta ukungu mwepesi wa kijivu, unaouona kwa taabu. Moshi ukipotea kabisa nao ni dosari, maana hewa imezidi na inaipoza boila. Na lile wingu jeupe zuri ambalo kila mtu hulipiga picha si moshi hata kidogo. Ni mvuke uliopoa ukawa matone.

Kuna wingu moja jeusi tu lililo halali. Masizi ya mafuta hugandamana ndani ya mirija ya boila na kuuzuia moto usiyapate maji. Basi injini ikiwa inavuta kwa nguvu, fayamani hutupia mchanga kidogo kupitia tundu la mlango wa moto, mchanga unavutwa mirijani na kuikwangua, na juu linatoka giza tupu. Mchanga tena! Nje kwa ajili ya miguu, ndani kwa ajili ya mapafu. Ushauri wa bure: siku ya safari kama hiyo usivae kanzu nyeupe. Mimi nilivaa.

Mtoto mmoja aliuliza kwa nini inahema, imechoka? Watu wazima wakacheka, ila jibu lao lilikuwa "ndiyo". Kule kuhema ni mvuke uliokwisha kusukuma pistoni ukitoka bombani kwa kishindo, mapigo manne kwa kila mzunguko wa gurudumu, na kila pigo linavuta hewa mpya kupita motoni. Injini inapofanya kazi zaidi, moto wake unapulizwa zaidi. Kilima chenyewe ndicho kinachopuliza moto. Sijapata kuona mashine nyingine yenye akili ya namna hiyo bila hata waya mmoja.

Suala la simba wa Tsavo lilizuka, bila shaka, ingawa Tsavo iko mbali, ng'ambo ya Voi. Kwa ufupi: simba wawili wa 1898, waliokula vibarua wa reli, walikuwapo kweli. Idadi ya watu 135 walioliwa, inayorudiwa kila mara, ilitokana na Patterson, mhandisi wa reli aliyewaua simba hao. Uchunguzi wa mifupa na manyoya yao, uliotolewa 2009, ulikadiria kama watu 35. Vibarua Wahindi waliofariki katika ujenzi ni karibu 2,500 kati ya 32,000 hivi, na wengi waliuawa na maradhi. Mbu hana sanamu.

Tuliporudi ndipo nilipojifunza jambo ambalo hakuna aliyelizungumza asubuhi. Tulikaa tukilegea, maana kupanda kumekwisha, kushuka ni bure. Mjomba ndiyo kwanza akakaa wima. Maji ndani ya boila hufuata mteremko kama chai kwenye sinia. Bomba la moshi likiwa mbele, wakati wa kupanda maji hurudi nyuma, juu ya sanduku la moto. Kichwa kikivuka kilele na kuinamisha pua, maji hukimbilia mbele, na bati la juu ya moto linaweza kubaki wazi. Likibaki wazi linapata moto kupita kiasi, na boila inaweza kupasuka. Kwa hiyo fayamani hujaza maji kabla ya kilele, si baada yake, hata kama anaona anayo ya kutosha.

Halafu breki. Uzito wote ule uliopandishwa kwa jasho sasa unataka kushuka wenyewe hadi baharini. Dereva huanza kuushika mapema, polepole, kwani magurudumu yakipata moto sana breki hupungua, na treni iliyokwisha kukimbia haisikii maombi. Kuanzia Mazeras nilisikia harufu ya chuma kilichosuguliwa. Watoto walikuwa wamelala. Yule jamaa wa tambarare naye amelala, mdomo wazi.

"Umeona?" mjomba akaniambia. "Asubuhi walikuwa macho wote."

Hakuegemea kiti mpaka tulipovuka Makupa.