Sahihi kwenye fomu haimlindi mtu wako

Kila ninapokagua mikataba ya filamu za makala kuhusu wakimbizi nchini Ugiriki, naletewa jibu lilelile: "Wote wameshasaini." Nimechoka nalo. Prodyuza anayeamini kwamba fomu ya ridhaa ikisainiwa kazi imekwisha ni hatari kwa watu anaodai kuwatetea.

Tazama mahali fomu hiyo inaposainiwa. Kambi ya Moria, kisiwani Lesbos, ilikusudiwa kwa watu wapatao 3,000. Mwanzoni mwa 2020 ilikuwa na karibu 20,000, na Septemba mwaka huohuo ikateketea. Anayeishi mahali kama hapo anasubiri usaili wa hifadhi, na tangu ashuke kwenye boti ya mpira amekuwa akisaini karatasi za polisi, za alama za vidole, za daktari. Wewe unakuja na nyingine, kitambulisho kikining'inia shingoni. Anasaini kwa kuhofia kwamba kukataa kutaharibu faili lake. Mweleze kwamba huna uhusiano na ofisi ya hifadhi, kisha mwombe akueleze kwa maneno yake wewe ni nani na filamu inakwenda wapi. Akikosea, kamera ibaki mkobani.

Kwa Wakongomani wanaozungumza Kiswahili, usimchukue mkalimani wa kwanza uliyemkuta kambini. Huenda anatoka upande uleule ambao mtu wako aliukimbia. Mwanamke aliyebakwa aulizwe faraghani anataka mkalimani wa jinsia gani.

Ridhaa iombwe mara tatu: kabla ya kurekodi, mara baada ya kurekodi, na baada ya mhusika kuona mkato wa kwanza, yaani filamu ilivyohaririwa kwa mara ya kwanza. Kati ya mazungumzo ya mwanzo na kamera ziachwe angalau siku 2. Kisha tenganisha matumizi: tamasha peke yake, televisheni peke yake, intaneti, trela, bango. Mtu anaweza kukubali aonekane Thessaloniki, kwenye tamasha la filamu za makala la mwezi Machi, akakataa kabisa Facebook kwa sababu shemeji zake wa Bukavu wako huko. Fomu ya "vyombo vyote, duniani kote, milele" inamnyima uamuzi huo. Vituo vya televisheni huidai, lakini kifungu hicho hujadilika, na kukijadili ni kazi yako. Sheria ya Ulaya ya taarifa binafsi, inayotumika tangu Mei 2018, inampa mtu haki ya kuondoa ridhaa yake. Kile kilichokwisha kurushwa, hata hivyo, hakirudi. Alijue hilo kabla, si baada.

Mwanasheria wake, si wako, auone mkato. Tarehe aliyoitaja mbele ya kamera ikitofautiana na aliyoitaja kwenye usaili, tofauti hiyo inaweza kutumiwa kutilia shaka maelezo yake yote. Gharama hii iwe kwenye fedha za mwanzo: marejesho ambayo serikali ya Ugiriki huwapa watengeneza filamu, ya hadi asilimia 40 ya gharama, hulipwa baada ya matumizi kukaguliwa.

Kuficha sura kufanyike wakati wa kurekodi. Ukififisha sura kwenye uhariri, picha ghafi bado inayo. Kivuli kilichorekodiwa vibaya kikiongezwa mwanga, uso hurudi. Sauti iliyofanywa nzito tu kwa mashine huweza kurudishwa ilivyokuwa, kwa hiyo maneno yasomwe na mtu mwingine. Angalia pia chale, koti, mandhari ya dirishani. Na mkataba useme nani anabaki na picha ghafi kituo kikifungwa: serikali ilizima ERT, televisheni ya taifa, tarehe 11 Juni 2013, na haikurudi hewani kwa jina hilo hadi 2015.

Nina shaka moja ambayo miongozo huipita haraka. Mtu mzima, mwenye akili timamu, aliyeelewa kila hatari, anasema: nionyeshe uso na utaje jina langu, nimefichwa vya kutosha. Nikikataa, namtendea kama mtoto. Nikikubali, ndugu zake waliobaki nyumbani hawakuulizwa na mtu. Huwa naelekea kumkubalia mhusika, na sina hakika kwamba ndivyo ipasavyo.