Luku na gari la umeme

Wengi huamini kwamba kuchaji gari la umeme nyumbani ni kujitafutia umaskini. Luku itaisha haraka, kweli, ila kosa ni kuitazama peke yake na kusahau kituo cha mafuta ulichokipita bila kusimama. Gari dogo la umeme hula takriban uniti 18 kwa kilomita 100. Kwa bei ya kawaida ya TANESCO, kama Sh 356 kwa uniti, hizo ni Sh 6,400 hivi. La petroli linalokunywa lita 7, lita ikiwa Sh 3,000, ni Sh 21,000! Ila aliye kwenye D1, ile bei nafuu ya wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, ajue ataiaga: hata friji italipiwa bei ya kawaida.